Asiyekuwepo na Lake Halipo?

Mei 2020 nilikuwa nyumbani Embu, nimekwama. Nilitoka Nairobi siku chache kabla ya barabara za kuingia na kutoka jijini kufungwa tarehe 6 Aprili, nikidhani ni mambo ya wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa miezi. Asubuhi moja linki ikaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya kijiji, imetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu: kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, saa nne asubuhi, kwa Zoom. Sitasema ni ofisi gani ya umma iliyoitisha kikao hicho. Mwaka ule kingeweza kuitishwa na ofisi yoyote, popote nchini.

Nikaita watu. Shosho yangu, ambaye huuza nyanya siku za soko, na soko lilikuwa limefungwa. Jirani fundi wa viatu. Kijana wa boda ambaye kwa amri ya wakati ule alikuwa anaruhusiwa kubeba abiria mmoja tu, na hata huyo mmoja alikuwa hapatikani. Tukaegemeza simu kwenye mtungi wa maji juu ya stuli, chini ya mparachichi, kwa sababu hapo ndipo network hushika. Nikazima kamera ili bando isiishe haraka.

Shosho akatazama vile viboksi vyeusi vyenye majina. Akaniuliza kwa Kiembu, "Hao wanatuona?"

"Hapana, shosho. Nimezima kamera."

"Wanatusikia?"

"Bado. Wamezima sauti za watu wote mpaka mtu apewe nafasi."

Akanyamaza kidogo. "Sasa watajuaje tuko hapa?"

Bando iliisha kabla zamu yetu haijafika. Kama kuna orodha ya waliohudhuria siku hiyo, basi tulihesabiwa kama mtu mmoja, jina la simu yangu. Tulikuwa wanne. Nimekaa na swali la shosho miaka yote hii, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona halikuwa swali la teknolojia.

Kabla sijalaumu mtu, niseme ukweli wa wakati ule. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mikutano ya watu ikapigwa marufuku, na kutoka 27 Machi tukawa na kafyu. Lakini kalenda ya bajeti haikuugua. Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na yapitishwe kabla ya 30 Juni. Bila bajeti nesi halipwi, dawa hazinunuliwi, na huo ulikuwa mwaka ambao hatungeweza kukosa nesi. Wakati huohuo Katiba, kwenye Kifungu cha 196, inaliamuru bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na liwashirikishe wananchi. Haikuandikwa pale kwamba "isipokuwa kukiwa na ugonjwa." Kwa hiyo waliokuwa ofisini walibanwa kati ya amri mbili: wasikutane na watu, na wasiamue bila watu. Zoom ilionekana kama mlango uliofunguka katikati ya kuta hizo mbili.

Shida ni kwamba mlango ule haukuwa na upana sawa kwa kila mtu. Sensa ya 2019, mwaka mmoja tu kabla, ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba katika nchi nzima, kati ya watu wa miaka mitatu kwenda juu, asilimia 22.6 ndio waliokuwa wakitumia intaneti. Hata simu ya mkononi, ile ya kawaida, ilimilikiwa na asilimia 47.3. Ukitoa watoto hesabu inapanda, sawa, lakini bado unabaki na umati mkubwa nje ya mlango. Na fikiria ni kina nani walikuwa na ya kusema mwaka ule. Mkulima wa miraa wa Igembe alikuwa amepoteza soko la Somalia tangu Machi, ndege ziliposimamishwa. Mama wa ndizi pale Gakoromone aliishi kwa pesa za siku. Mswada wa fedha ndio huamua mama huyo atalipa ushuru kiasi gani kwa meza yake. Aliyeguswa zaidi na uamuzi ndiye aliyekuwa mbali zaidi na linki.

Sasa, Waswahili wana msemo ambao sote tumekua nao: asiyekuwepo na lake halipo. Tunautumia kwa chama, kwa harambee, hata kwa kugawana nyama. Hukuja? Shauri yako. Ni msemo wenye akili, kwa sababu unamtaka mtu abebe jukumu la maisha yake. Lakini una sharti ndani yake ambalo halisemwi: kwamba mlango ulikuwa wazi na wewe ukachagua kutokuja. Ukinifungia mlango wewe mwenyewe, hata kama una sababu nzuri kabisa ya kuufunga, huwezi baadaye kusoma orodha ya waliohudhuria na kusema kimya changu ni kibali. Serikali ilituambia tukae nyumbani. Tukakaa. Utiifu wetu haungeweza kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba hatukuwa na la kusema.

Na hili halikuwa jambo geni. Mwaka 2014 Jaji George Odunga alifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika hukumu hiyo alisema kwamba haitoshi kurusha ujumbe kwa mtindo wa Twitter na kuwaachia wanaojali wautafute wenyewe. Mabunge ya kaunti yawafuate watu pale walipo, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha za mama. Miaka sita kabla ya korona jibu lilikuwa limeshaandikwa. Pale kwetu redio haijawahi kuwa tatizo. Muuga FM inaongea Kimeru, Wimwaro FM inaongea Kiembu, na redio ya mtu mmoja husikika boma zima.

Hata hivyo nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu nitakuwa nimefanya baraza la zamani lionekane kama peponi. Wewe na mimi tumekaa kwenye hayo mabaraza. Tunajua wazee huongea kwanza, na wakimaliza jua limeshakuwa kali na watu wanatafuta kivuli. Mama mwenye mtoto mgongoni husimama nyuma. Mwenye kiti cha magurudumu hafiki, njia ni ya matope. Kijana anayefanya kibarua Nairobi haji kabisa, ingawa anatuma pesa nyumbani kila mwezi na kura yake iko kulekule. Kuna waliokuja kwa sababu ya soda na nauli. Baraza nalo lina kitufe chake cha kuzima sauti, ila hakionekani. Kwa baadhi ya hao, Zoom ilikuwa mara ya kwanza kukaa mkutano mmoja na MCA wao. Binti aliyekuwa akiogopa kusimama mbele ya wazee angeweza kuandika maoni yake na yakasomwa. Hilo ni jambo kubwa na sitaki kulidharau.

Kwa hiyo kuuliza mti au skrini hakutoshi. Pande zote mbili kuna watu wanaobaki nje. Swali ninaloliona mimi ni nani anayelipia gharama ya kuwepo. Kwenye baraza, angalau, gharama iligawanywa: ofisa alipanda gari akaja, mwananchi akatembea akaja, wakakutana katikati kwenye vumbi. Kwenye Zoom ya 2020 gharama yote ilihamia kwa mwananchi: simu ni yako, bando ni yako, chaji ni yako, network utajijua. Aliyeita mkutano hakulazimika kufika popote.

Kuna jambo jingine ambalo skrini ilimwondolea kiongozi, nalo ni hatari ndogo ya kukutana na watu. Kwenye baraza akitoa jibu baya, lazima apite katikati ya watu walewale akielekea gari lake. Ataona nyuso. Mzee fulani atamshika mkono na hatauachia mpaka ajibiwe. Hiyo safari ya kutoka kwenye kiti mpaka kwenye gari ni sehemu ya demokrasia, ingawa hakuna sheria inayoitaja. Kwenye mtandao kikao kikiisha, kiongozi anabonyeza kitufe na chumba kinayeyuka. Sisi tuliosalia tunaangalia sura zetu wenyewe kwenye kioo cheusi.

Kama unadhani haya ni mawazo ya watu wa zamani, kumbuka Juni 2024. Kizazi chetu kilijadili Mswada wa Fedha kwenye X Spaces usiku kucha, tukausoma kifungu kwa kifungu, tukautafsiri. Hakuna kizazi kilichowahi kuwa na sauti nyingi mtandaoni kama sisi. Na bado watu waliona kuongea hakutoshi, lazima miili yao ionekane. Wakatoka. Wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Juni Rais Ruto akasema hatatia saini. Watoto wa mtandao wenyewe ndio waliothibitisha swali la shosho: watajuaje tuko?

Meru ina kumbukumbu ya zamani zaidi. Mwaka 1956 baraza la wazee, Njuri Ncheke, wakishirikiana na watawala wa kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Leo karibu sote tunakubali kwamba ukeketaji ni madhara na lazima ukome. Lakini wasichana wenyewe, ambao miili ni yao, hawakuwa kwenye kikao. Wengi wakajikeketa wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe." Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri ile. Somo ninalolipata ni gumu: hata uamuzi ulio sahihi, ukifanywa bila wenye jambo, unaweza kuwafikia kama uvamizi. Usahihi wa uamuzi haulipi deni la kutokuwaita.

Nimetumia neno deni makusudi. Naamini kuna nyakati ambapo serikali lazima iamue bila watu wote kuwepo. Moto ukiwaka huitishi mkutano. Korona ilikuwa moto. Lakini kinachoamuliwa wakati huo kinapaswa kuhesabiwa kama kitu kilichokopwa, na mkopo hurudishwa. Mlango ukifunguliwa tena, rudi. Simama mbele ya watu na useme: tuliamua haya mkiwa hampo, sasa mpo, tuyatazame upya. Ada hii ya soko tuliiweka bila ninyi, inawafaa? Kafyu ilikuja kuondolewa, mikutano ya siasa ikajaa viwanjani, kampeni za 2022 zikapita kila kijiji na vipaza sauti. Nilisubiri nisikie mtu mmoja akirudisha mkopo huo. Kule nilikokuwa sikusikia.

Na kama vikao vya mtandaoni vitabaki, maana vinaonekana vitabaki, basi anayeita abebe mzigo wa kufika. Linki iende pamoja na tangazo la redio kwa lugha ya pale. Awepo mtu wa wadi mwenye kipaza sauti na spika pale sokoni, ili watu kumi waliozunguka simu moja wahesabiwe kumi. Ujumbe mfupi wa bure kwa mwenye mulika mwizi. Na mwisho ije karatasi, hata moja tu ibandikwe kwa ofisi ya chifu, inayosema: mlisema haya, tumekubali haya, tumekataa haya kwa sababu hii. Hiyo karatasi ndiyo ile safari ya kiongozi kutoka kwenye kiti mpaka kwenye gari.

Shosho amerudi sokoni siku nyingi. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimuuliza kama anakumbuka ile asubuhi ya Zoom. Akacheka, akasema anakumbuka mtungi, kwa sababu tuliuangusha tukihangaika na simu na maji yakamwagika. Kisha akaniuliza, huku akipanga nyanya zake tano tano, "Kwani walisemaje mwishowe?"

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kupanga nyanya.