Haki Iliyoandikwa kwa Lugha Moja

Katikati ya mwaka 1974 serikali ya Somalia ilifunga shule za sekondari kwa mwaka mzima, ikawatuma wanafunzi na walimu wao, zaidi ya 20,000, kwenda mashambani na malishoni kufundisha watu kusoma na kuandika. Vijana wa mjini walilala walikolala wafugaji, wakatundika ubao mtini, wakafundisha. Ukame mkali ambao Wasomali waliuita Dabadheer ulipowakuta huko huko, wengi waliacha chaki wakashika kazi ya kuwahudumia wenye njaa. Sijui harakati nyingi za elimu Afrika Mashariki zilizowadai walimu kiasi hicho, nao wakatoa.

Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyasemi kwa kuibeza kampeni ile. Nayasema kwa sababu walimu wa pwani yetu wanaokusanyika leo kuzungumzia haki darasani wanapaswa kujua ilivyopungukiwa ilipofika Kismayu na visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Somalia.

Hadi tarehe 21 Oktoba 1972, mtawala wa Somalia, Siad Barre, alipotangaza kuwa Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini, ofisi za nchi hiyo ziliendeshwa kwa Kiitaliano, Kiingereza na Kiarabu. Mchunga ngamia mwenye kesi alihitaji mtu wa kumsomea karatasi inayomhusu mwenyewe. Kumwondolea mtu unyonge huo ni haki tupu. Ila herufi zilipangwa Mogadishu, na zilipangwa kwa sauti za Kisomali peke yake. Kisomali hakina p, wala v, wala z, basi alfabeti nayo haikuwa nazo.

Sasa mchukue mtoto wa kisiwa cha Chula au Koyama aliyeingia shule ya serikali miaka ile. Nyumbani anasema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Chuoni, kwa mwalimu wake wa Kurani, amekwisha kuzijua herufi za Kiarabu. Darasani anakutana na herufi nyingine, za lugha ambayo mama yake haisemi. Baba yake anavua papa kwa jarife. Kwa herufi alizopewa, mtoto anaweza kuliandika jarife lote, j hadi e, lakini samaki aliyenaswa humo hawezi kumwandika. Pweza hawezi. Pwani yenyewe hawezi.

Hakuna aliyekaa akapanga kumdhulumu mtoto huyo. Walimsahau tu, na kusahauliwa na watu wenye nia njema kuna uchungu wake, kwa kuwa hakuna adui wa kumnyooshea kidole.

Mwalimu aliyesimama mbele yake aliona. Mwalimu yeyote huona. Lakini angesema wapi, na kwa jina gani? Mapema miaka ya 1970 serikali ilitangaza vita juu ya ukabila. Sanamu za ukabila zilichomwa na kuzikwa hadharani, watu wakahimizwa kuitana jaalle, yaani ndugu wa mapinduzi, badala ya kuulizana ukoo. Shabaha ilikuwa nzuri, maana ukoo ulikuwa umeila siasa ya nchi. Matokeo yake kwa wachache yalikuwa mengine. Kusema kwamba darasani mna watoto wa Kibajuni wanaohitaji kuanza kwa lugha yao kulinuka ukabila. Vyama huru vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku, na Sheria Na. 54 ya Septemba 1970 ilikuwa imeweka adhabu ya kifo kwa makosa mengi yaliyohesabiwa kuwa ya kuhatarisha usalama wa taifa. Mwalimu aliyetumwa kuhubiri usawa alinyang'anywa maneno ya kuutajia ukosefu wa usawa uliokaa dawati la mbele yake.

Hapa ndipo ninapowataka walimu wasimame kidogo. Usawa unaokataza watu kutaja tofauti zao humwacha mwenye nguvu na nguvu zake, na mnyonge humwacha bila hata malalamiko.

Wala pwani haikuwa imekosa mifano ya kufanya vingine. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu, Habib Saleh aliyetoka Ngazija aliwafungulia elimu watumwa, waliokuwa watumwa na wageni maskini ambao wenye mji waliona haiwahusu. Akapata upinzani wa masharifu na matajiri, na msikiti na chuo chake cha Riyadha vikasimama. Barawa, wanazuoni walitunga tenzi kwa Chimini, Kiswahili cha mji huo, ili wanawake na wasiojua Kiarabu waipate dini yao, na Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, hadi leo anatajwa kati ya watunzi wakubwa wa mji ule. Hawa hawakutumwa na makao makuu yoyote. Waliwaangalia waliokuwa mbele yao, wakauliza nani hajafikiwa, wakaanzia hapo kwa lugha ya hapo. Kampeni ya 1974 ilipita karibu na urithi huo wote bila kuuomba hata ushauri.

Deni lilikuja kudaiwa baada ya dola kuanguka mwaka 1991. Wabajuni hawakuwa na wanamgambo wa kuwakinga. Waliporwa vyombo vyao vya bahari, wengi wakakimbilia Mombasa, wakaishi kambini Jomvu. Mwaka 2000, mkutano wa Arta nchini Djibouti ulipogawa viti kwa mfumo uliokuja kujulikana kama nne na nusu, koo nne kubwa zilipata fungu zima kila moja, na Wabajuni wakatiwa katika ile nusu pamoja na wachache wengine wote. Ukoo uliozikwa kwa sherehe ulifufuka ukiwa na mizani mkononi.

Kisha waliofika Ulaya kuomba hifadhi waliulizwa: kama wewe Mbajuni kweli, hebu sema Kibajuni. Uingereza, mwaka 2004, mahakama ya rufaa za uhamiaji ilitoa uamuzi wa kuongoza kesi nyingine, na uwezo wa mwombaji kusema Kibajuni ulikuwa katikati yake. Lugha ambayo shule haikumwandikia mtoto ikageuka kitambulisho chake mbele ya hakimu. Aliyekulia kambini akisema Kiswahili cha Mombasa alikuwa na kazi ya kueleza.

Nayaandika haya sasa kwa sababu hatari iko tena mlangoni, safari hii ikiwa imevaa nguo zetu wenyewe. Somalia iliingia kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024, na Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za Jumuiya. Viongozi wa Mogadishu wamezungumzia kukifundisha. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumefurahi, na nina wasiwasi na furaha yetu. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 ilivitaja Kisomali, kwa lahaja za Maay na Maxaa-tiri, na Kiarabu. Kiswahili haikukitaja, ingawa kifungu chake cha 31 kiliitaka serikali iendeleze lahaja na utamaduni wa wachache. Ni rahisi sana Kiswahili kuletwa Somalia kama lugha ya kigeni, na kitabu kilichochapishwa Nairobi au Dar es Salaam, kisha mtoto wa kisiwa cha Chovai akasahihishwa kwa wino mwekundu kwa kuandika mato badala ya macho, ndia badala ya njia. Atakuwa amekosa mara ya pili, na mara hii kwa lugha ya nyanya yake.

Walimu wa Kismayu hawahitaji kusubiri mtaala ufike. Wanaweza kuanza na daftari la mahudhurio: katika kila darasa, watoto wangapi wanasema Kibajuni nyumbani, wangapi Kisomali, wangapi Kizigua cha wakulima wa bonde la Mto Juba. Wakae na walimu wa vyuo vya visiwani, wakae na manahodha na kina mama wanaokausha samaki, waandike pamoja kitabu cha kwanza cha kusomea, chenye p yake, v yake na z yake. Halafu wakipeleke Mogadishu wakiwa na majina ya shule na idadi ya watoto, kabla wizara haijaagiza vitabu vya nje.