Kupenda Kilichotiwa Doa

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Nilikuwa nikisimulia darasani habari za Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, nami nilisimulia kwa furaha ya mtu anayekipenda anachokisema. Akainua mkono, akasema, "Mwalimu, watu hawa si ndio waliokuwa wakijidunga dawa? Unawezaje kuwashangilia, na huku unatukataza kuiba mtihani?" Darasa zima lilicheka. Mimi nami nilicheka, maana sikuwa na la kusema. Haya ninayoyaandika ni jibu langu lililochelewa.

Haifai kumweleza mtu kosa la mpenzi wako kabla ya kumweleza kwa nini ulimpenda. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto, lililokuwa likitafuta wasomaji. Waendeshaji hushindana kwa siku 21, mwendo wa kadiri ya kilomita 3,400, wakipanda milima ya Alps na Pyrenees. Anayetaka kuwatazama kando ya njia halipi kiingilio. Mkulima hutoka shambani mwake, akasimama penye ua wake, na mashindano makubwa kuliko yote ya aina yake humpita hatua mbili mbele ya uso wake. Lakini jambo lililoniteka mimi ni upepo. Anayetangulia huukata upepo kwa kifua chake, na anayemfuata kwa karibu hupata nafuu kubwa. Kwa sababu hiyo kila timu huwa na mtu mmoja inayemtumainia, na wengine wa kumtumikia. Hao humkinga upepo, humletea chupa za maji kutoka garini, na baiskeli yake ikiharibika humpa zao. Mtumishi huyo aweza kufika nusu saa nyuma ya bwana wake, hali ushindi wa bwana umetoka katika miguu yake. Sijaona mchezo mwingine unaoonyesha wazi hivyo kwamba mshindi ni mdaiwa wa watu wengi.

Sasa doa lenyewe. Mtu asidhani kwamba ni la juzi. Mwaka 1904, katika mashindano ya pili tu, watu wanne wa kwanza walinyang'anywa nafasi zao kwa udanganyifu. Wengine mwaka ule walishtakiwa kwamba walipanda gari la moshi! Ushindi akapewa Henri Cornet, aliyeshindana akiwa kijana wa miaka 19. Mwaka 1924 ndugu wawili wa jamaa ya Pélissier walijitoa mashindanoni, wakamfungulia mifuko yao mwandishi Albert Londres, wakamwonyesha kokeni, klorofomu na vidonge, kwamba ndivyo vinavyowawezesha kwenda. Tarehe 13 Julai 1967, Mwingereza Tom Simpson, mwenye umri wa miaka 29, alianguka akipanda Mont Ventoux, mlima ambao karibu na kilele chake hauna mti wala kivuli. Akainuliwa, akarudishwa juu ya baiskeli, akaenda kidogo, akaanguka mara ya pili asiinuke tena. Joto, uchovu na vidonge vya amfetamini vilikuwa vimeshirikiana kumwua.

Katika miaka ya 1990 ikaenea dawa yenye hila zaidi. Figo za binadamu hutengeneza kitu kiitwacho EPO, ambacho huuamuru uboho wa mifupa uzidishe chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zichukuazo oksijeni hadi kwenye misuli. Wataalamu walipojua kuitengeneza nje ya mwili, ilikuwa rehema kubwa kwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu. Waendeshaji wakaitwaa rehema hiyo ya wagonjwa wakaifanya silaha ya wazima. Kwa muda mrefu hapakuwa na kipimo cha kuigundua. Mwaka 1997 wakuu wa mchezo waliweza kuweka mpaka tu, kwamba chembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu. Mwaka uliofuata Willy Voet, mkandaji wa timu ya Festina, alikamatwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa akiwa na shehena ya dawa garini, na timu yake ikafukuzwa. Aliyeshinda mwaka huo, Marco Pantani wa Italia, alitolewa katika mashindano ya nchi yake mwaka 1999 kwa kuwa damu yake ilivuka mpaka ule. Alikufa peke yake katika chumba cha hoteli huko Rimini, mwaka 2004, akiwa na miaka 34.

Kisha Lance Armstrong. Mmarekani huyu aliugua saratani mwaka 1996, akapona, akashinda Tour mara 7 mfululizo, tangu mwaka 1999 hadi 2005. Watu walimpenda kupita kiasi. Wagonjwa waliweka picha yake kando ya vitanda vyao. Waliothubutu kumshuku aliwatukana, na wengine akawashtaki mahakamani. Mwaka 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo lilitoa ushahidi mwingi juu yake, akanyang'anywa ushindi wote, na Januari 2013 akakiri mwenyewe mbele ya Oprah Winfrey. Ukiifungua leo orodha ya washindi, miaka ile 7 haina jina. Wakuu wa mchezo hawakumpandisha aliyekuwa wa pili, kwa maana wengi waliomfuata walikuwa na madoa yao pia.

Hapo ndipo husikia watu wakisema, "Basi kama wote walitumia, yalikuwa mashindano ya haki." Maneno haya yana sura ya akili, walakini hayasimami. Kwanza, miili haifanani. Aliyezaliwa na chembe asilimia 40 alikuwa na nafasi kubwa ya kujiongezea kabla ya kufikia mpaka. Aliyezaliwa na 48 hakuwa nayo. Kwa hiyo dawa haikuwasawazisha waliokubali kuitumia, ilibadili tu mpangilio wao. La pili ni zito zaidi. Si wote waliotumia.

Mfaransa Christophe Bassons alikuwa katika timu ile ya Festina, na wenzake wenyewe walishuhudia kwamba yeye hakukubali. Mwaka 1999 alikuwa akiandika katika gazeti la Le Parisien, akadokeza mashaka yake juu ya mwendo wa ajabu wa Armstrong. Armstrong alimwendea njiani, wote wawili wakiwa juu ya baiskeli, akamwambia ni heri aende zake. Wenzake wakamtenga. Bassons akajitoa kabla ya mashindano kwisha, na haukupita muda mrefu akauacha mchezo. Jina lake limo katika vinywa vya wachache sana. Nikilifikiri swali la mwanafunzi wangu, huyu ndiye ninayemwona mbele yangu. Watu hudhani aliyedanganywa ni mtazamaji. Mtazamaji alipoteza nini? Alipoteza alasiri chache na machozi ya furaha. Bassons alipoteza kazi aliyoiweza, na aliyemfukuza alishangiliwa siku ile ile.

Na nani waliomshangilia? Ni sisi. Sisemi kwamba tulimdunga mtu sindano. Nasema tulitaka miujiza, na tulichoka haraka na mtu asiyeweza kuitenda. Mlima ukipandwa kwa mwendo wa kibinadamu tulisema mashindano yamepoa. Mgonjwa wa jana alipowaacha mbali wazima wa leo, hatukutaka kuuliza, maana swali lingetuharibia hadithi. Mwalimu anayesifu alama peke yake, asiulize zilivyopatikana, hawezi kujitoa kabisa wizi unapogunduliwa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwa mwalimu wa namna hiyo, hasa matokeo yanapotundikwa ukutani na majirani wanakuja kuyasoma.

Je, yafaa basi kuondoka? Wako wanaoondoka, nami siwalaumu. Lakini kuondoka kwetu kungemwumiza nani? Mdanganyifu hujua njia ya kwenda kutafuta fedha penginepo. Mwendeshaji mnyofu, ambaye maisha yake ni barabara hii tu, ndiye angebaki akipanda mlima bila mtu pembeni. Bassons alikwisha kutengwa na wenzake, na mtazamaji anayewatupa wote pamoja humtenga mara ya pili. Hatufungi shule kwa kuwa wameonekana wezi wa mtihani. Twaweka wasimamizi, nao mchezo huu umejitahidi kufanya hivyo. Tangu mwaka 2008 damu ya waendeshaji hupimwa mara kwa mara na vipimo huwekwa, ili mabadiliko yasiyo ya kawaida yaonekane hata dawa yenyewe isipoonekana. Msimamizi hamalizi wizi wote, lakini mahali alipo si sawa na mahali asipokuwapo.

Liko kosa jingine linalomnyemelea aliyekwisha kudanganywa, nalo ni kumhukumu kila mtu kabla ya ushahidi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na mwalimu wake wa awali alikuwa David Kinjah, huko Kikuyu. Akaja kushinda Tour mara nne akiiendeshea Uingereza. Mwaka 2015, akiwa amevaa fulana ya manjano ya anayeongoza, alisema kwamba mtu kando ya njia alimmwagia mkojo na kumwita mtumiaji wa dawa. Mwaka 2017, katika mashindano ya Hispania, mkojo wake ulionekana kuwa na kiasi kikubwa cha dawa ya pumu kuliko kinachoruhusiwa. Mwaka 2018 wakuu wa mchezo waliifunga kesi bila adhabu. Wengine hawajaridhika hata leo, na kuuliza ni haki yao. Lakini yule wa mwaka 2015 hakuuliza neno. Hakuna mtazamaji aliyezaliwa na kipimo cha damu jichoni, na mkojo uliomwagwa haugeuki kuwa haki hata kama siku moja aliyemwagiwa ataonekana na hatia.

Wala tusiwacheke Wazungu katika jambo hili. Rita Jeptoo wetu, aliyeshinda Boston na Chicago, aligunduliwa mwaka 2014 kwa EPO ile ile, na si peke yake. Hata hivyo sijasikia Mkenya anayesema kwamba mbio ndefu zisitazamwe tena. Twajua kwamba asubuhi hiyo hiyo, katika baridi ya Iten, wako mamia wanaokimbia kwa uji na chai tu. Tunawatambua hao kwa kuwa ni wetu. Wafaransa nao wana wa kwao.

Basi Julai hunikuta mbele ya televisheni bado. Kuna mambo mawili niliyoyabadili. Neno shujaa nimeliweka akiba: mtu akipanda mlima vizuri nasema amepanda vizuri, nami nayaachia miaka yaliyobaki. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda mikondo mitatu na kutwaa fulana ya kijani, nilipiga kelele hata jirani akaja kuuliza kuna nini, lakini sikumwambia kwamba nimeona shujaa. Nilimwambia nimeona mtu wa Asmara akiwashinda wote kwa mwendo.

La pili, siondoki mshindi akifika. Siku za milima kuna saa iliyowekwa, na anayefika baada yake huondolewa mashindanoni. Nyuma kabisa huja kundi la watumishi, waliokwisha kuleta maji na kukata upepo tangu asubuhi, wakisaidiana wasipitwe na saa hiyo. Mara nyingi mtangazaji huwa ameanza kuhojiana na mshindi. Mimi hutazama saa na barabara mpaka wa mwisho wao apite.