Kiwanja cha Kasokola na Chumba cha Mjini

Vijana wanaojiandaa kufunga ndoa hapa kwetu Mpanda wana swali moja ambalo halimo katika kitabu cha mafundisho. Huliuliza mafundisho yakiisha, watu wakiwa wamesimama mlangoni: tuanzie maisha wapi? Wengi wana mahali pawili akilini. Pa kwanza ni mjini, chumba na sebule huko Makanyagio, Majengo au Nsemulwa, kodi ya miezi sita ikilipwa kwa mkupuo. Pa pili ni nje ya mji, katika kata kama Kasokola, ambako fedha hiyo hiyo ya kodi ikiwekwa akiba kwa miaka michache inaweza kupata kiwanja, baada ya kiwanja tofali za kuchoma, na baada ya tofali bati. Kasokola imo ndani ya Manispaa, lakini ukifika huko unaona mashamba, na usiku unaona nyota zote.

Swali hili si dogo, na nisingependa tulijibu kwa kusema tu kwamba Mungu yuko kila mahali. Ndiyo, yuko. Lakini maji ya bomba hayako kila mahali, wala mkunga, wala mteja. Mungu aliyetuumba na miili hatazamii tuongee juu ya makazi kana kwamba sisi ni malaika.

Kwa kawaida hoja huwa ni fedha. Anayetaka Kasokola husema kwamba kodi ni kumwaga maji mchangani, na kwamba mwenye kwake hata kama ni boma lisilo na madirisha hafukuzwi na mtu. Anayetaka mjini husema kwamba nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kila siku nayo ni kodi, ila hailipwi kwa mkupuo ndiyo maana haionekani. Wote wawili wana haki. Tena tukumbuke kwamba mji wetu wenyewe umejengwa na watu waliohama. Reli iliyotoka Kaliua ililetwa huku na wakoloni kwa sababu ya madini ya risasi, na watu wakafuata kazi. Mwaka 2012 Katavi ilipofanywa mkoa na Mpanda kuwa makao makuu yake, wakaja wengine, watumishi, wafanyabiashara na mafundi. Kwa hiyo kijana anayetazama Kasokola leo hafanyi jambo la ajabu. Anafanya walichofanya wazee wake: anatafuta pa kuweka mguu.

Lakini liko jambo ambalo hesabu ya fedha hailifikii. Tuseme mume ni fundi pikipiki mwenye kibanda karibu na soko, na mke ni mshonaji, cherehani yake iko barazani kwa mama mwenye nyumba wanakopanga. Wanahamia Kasokola. Mume anaamka alfajiri, anawasha pikipiki yake, na kufika jioni amekuwa mjini siku nzima, kati ya watu wale wale na kazi ile ile. Kwake yeye kilichobadilika ni mahali pa kulala. Mke ndiye aliyehama kweli. Cherehani imekuja naye, wateja hawakuja. Maji ni dumu na mwendo. Mtoto akishikwa na homa usiku wa Machi, mvua inanyesha na njia ina matope, anayesimama mlangoni akisikiliza kama kuna pikipiki inayopita ni yeye. Miaka mitano baadaye nyumba imekamilika, na watu wanampongeza mume kwa kuwa mwanaume mwenye akili aliyejinyima akajenga. Sikatai kwamba alijinyima. Nauliza tu ni nani alinyimwa zaidi, na kama aliulizwa.

Ndiyo sababu nasema kwamba swali la mjini au Kasokola, kabla halijawa swali la mahali, ni swali la gharama: nani ataibeba? Tunafundishwa kumpenda jirani kama nafsi zetu, na tunapenda kumtafuta jirani huyo mbali, barabarani, aliyejeruhiwa na wanyang'anyi. Jirani wa kwanza wa mtu aliyeoa amelala upande wa pili wa kitanda.

Biblia ina habari nyingi za watu wanaochagua pa kukaa, na ukizisoma kwa jicho hili zinasema jambo ambalo hatulisikii mara kwa mara katika mahubiri. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Mwanzo, Loti anainua macho, anaona bonde la Yordani lenye maji tele, anajichagulia lote. Tumezoea kulaumu tamaa yake. Lakini angalieni pia nani hayumo katika sura hiyo. Mke wa Loti hatajwi hata kidogo siku ya kuchagua. Anakuja kutajwa sura ya 19, siku ya kukimbia, na yeye ndiye anayebaki njiani, nguzo ya chumvi. Tumemfanya mfano wa watu wanaotazama nyuma, na ni kweli alitazama. Hata hivyo sijui kama alikuwa na sauti yoyote siku ile walipokuwa wakitazama mbele.

Wala Abramu, baba yetu wa imani, hakuanza vizuri. Sura moja kabla ya hiyo, njaa inapompeleka Misri, anamwomba Sarai aseme kwamba ni dada yake, ili yeye Abramu apate kuishi. Safari ni ya wote wawili, hatari inawekwa juu ya mmoja. Maandiko hayafichi jambo hilo, na sisi tusilifiche.

Kisha yuko Yakobo. Si mtu tunayempigia mfano wa unyoofu, tunajua alivyopata baraka ya baba yake. Lakini katika sura ya 31, alipotaka kuondoka kwa Labani, alifanya jambo ambalo ningetaka kila mchumba alisome. Aliwaita Raheli na Lea waje malishoni, mahali ambapo hapakuwa na masikio ya watu wengine. Akawaeleza hali ilivyo: uso wa baba yao umebadilika, ujira wake umegeuzwageuzwa, na Mungu amemwambia arudi. Alikuwa na agizo la Mungu mkononi, na bado aliwaita na kuwaeleza. Wao wakajibu kwa hoja zao wenyewe, kuhusu urithi na jinsi baba yao alivyowafanya kama wageni, ndipo wakasema afanye aliloambiwa. Kama Yakobo, mwenye neno la Mungu mwenyewe, aliona inafaa kuuliza, sisi wenye neno la dalali tutajitetea vipi?

Hapa najua baadhi ya ndugu zangu wanaume watasema kwamba mume ni kichwa cha nyumba. Sibishani na Mtume Paulo. Ila katika barua ile ile kwa Waefeso anaeleza kichwa hicho ni cha namna gani: mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa, na Kristo alijitoa yeye mwenyewe. Hakumtoa mwingine. Kichwa kinachoamua na mabega ya mtu mwingine yanabeba, sicho anachokisema Mtume.

Wengine hutumia mfano wa Adriano Atiman, ambaye sisi watu wa upande huu tunamheshimu sana, na tuna haki. Alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, wamisionari wakamkomboa, akasoma uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alikaa hapo kando ya ziwa Tanganyika akitibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja! Basi mume anamwambia mkewe: ona, Atiman alivumilia Karema isiyo na barabara, wewe unalalamikia Kasokola. Mfano huo haukai sawa. Atiman alibeba mwenyewe uzito wa mahali alipokaa. Uvumilivu ni fadhila ya anayeubeba, na mtu hawezi kuwa mvumilivu kwa niaba ya mwenzake.

Gharama hii haibebwi na wanawake peke yao siku zote. Nimeona pia upande wa pili: mke hataki kusikia habari za nje ya mji, kwa sababu ndugu na marafiki wako mjini na Kasokola kwake ni kurudi shamba. Mume anafanya kazi ya mchana na kibarua cha usiku ili kodi ipatikane, anakonda, na Jumapili anasinzia katika misa. Kipimo ni kile kile.

Na wapo wa tatu wanaolipa, ambao hatuwahesabu kabisa. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuweka mkazo kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi, nyumba kwa nyumba. Huchagui jumuiya yako kama unavyochagua kwaya. Ukihama, unaiacha moja pengo na kuingia nyingine. Mama mzee mliyekuwa mkimchotea maji mjini hahamii Kasokola pamoja nanyi. Kwa upande mwingine, jumuiya ya Kasokola yenye kaya chache huenda inamngoja msomaji wa Neno na mtu wa kuwafundisha watoto. Hilo nalo liingie katika hesabu, ingawa si la kwanza. Nimeona watu wakikimbilia kutumikia jumuiya mpya ilhali nyumbani kwao mmoja analia.

Kwa wale watakaoamua kununua, nina neno la kawaida kabisa. Andikeni majina yote mawili kwenye karatasi ya mauziano, mbele ya viongozi wa mtaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na ni vema. Lakini sheria inakuja mambo yakiharibika. Jina linaandikwa yakiwa mazuri, na aliyebeba madumu ya maji ya kumwagilia tofali anastahili kuliona jina lake.

Na kabla ya kununua, nendeni wote wawili, siku ya kazi, si Jumapili mkiwa mmevaa vizuri. Nendeni wakati wa mvua. Mume aache pikipiki. Mke akae na akina mama mahali wanapochota maji na awaulize wanavyoishi, wanajifungulia wapi, nani huwasindikiza usiku, cherehani ina kazi au haina. Mume asimjibie. Wakirudi jioni, kila mmoja aseme anachoweza kukibeba na asichoweza. Wachumba kadhaa niliowatuma hivyo walirudi wakaanza kutafuta fundi wa msingi wiki ile ile. Wengine walirudi mjini, wakalipa kodi ya miezi sita mingine, na kiwanja wakaendelea kukiwazia.