Kuanguka kwa Heshima: Swali Moja la Maadili katika Aikido

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa aikido ana maswali mengi, na karibu yote yana majibu: mguu upi utangulie, mkono ushikwe wapi, pumzi itolewe lini. Lakini mtu aliyeifanya sanaa hii kwa miaka mingi hubaki na swali moja ambalo mwalimu wake hawezi kumjibia. Mwenzake anapoanguka mkekani, je, ameangushwa, au amekubali tu kuanguka? Katika makala haya tunakusudia kulichungua swali hilo, maana twaamini kuwa ni swali la maadili, nalo lamhusu kila mtu ambaye kazi yake humpa uwezo juu ya mwingine.

Kwanza tuieleze sanaa yenyewe kwa ajili ya wasomaji wasioijua. Aikido ilianzishwa na Ueshiba Morihei, Mjapani aliyezaliwa Tanabe mwaka 1883, akafariki mwaka 1969. Alijifunza mbinu kali za kukunja viungo na kuangusha kutoka kwa Takeda Sokaku, ambaye alikutana naye katika kisiwa cha Hokkaido mwaka 1915. Baadaye alifuata dini ya Omoto, na mafundisho yake yakamfanya ajiulize upya kupigana ni kwa ajili ya nini. Jina la aikido lilikubaliwa rasmi mwaka 1942. Lina maneno matatu: ai, yaani kuungana au kupatana, ki, yaani pumzi, roho au nguvu ya uhai, na do, yaani njia. Basi ni njia ya kuipatanisha nguvu yako na ile inayokujia.

Maneno hayo ni mazuri, lakini hayawezi kueleweka pasipo mwili. Tuchukue mbinu iitwayo ikkyo, maana yake "funzo la kwanza". Mtu anashusha mkono wake kukupiga kichwani. Hungoji pigo likufikie, wala hukimbii. Unaingia mbele na kukutana na mkono huo ungali juu, kabla haujakusanya nguvu. Mkono wako mmoja uko kwenye kiwiko chake, wa pili kwenye kifundo. Unakielekeza kiwiko upande wa kichwa chake, mgongo wake unapinda, mizani yake inapotea, naye anashuka hadi kifua kigusane na mkeka. Funzo hili hufundishwa katika siku za mwanzo kabisa, na waliofanya mazoezi kwa miaka arobaini bado hulirudia. Sababu ni kwamba kosa lake ni rahisi na tamu: kuukandamiza mkono chini kwa nguvu za mabega. Ukiwa na nguvu kuliko mwenzako, kosa hilo litafaulu, nawe hutajua kamwe kwamba ni kosa.

Nasi tulilifanya kosa hilo kwa muda mrefu bila kulijua. Siku moja alikuja mazoezini kijana mgeni, mpagazi wa mizigo, mwenye mabega mapana na tabasamu la aibu. Hakuwa amejifunza kuanguka. Tukaushika mkono wake tukafanya funzo la kwanza kama tulivyolifanya mara elfu, naye akabaki amesimama. Wenzetu wakawa wanatazama. Tungeweza kusimama, kucheka kidogo na kuanza upya. Badala yake tuliona joto likipanda usoni, tukaongeza nguvu, tukakizungusha kifundo chake mpaka tukasikia akiguna. Akaanguka. Kifundo kikavimba, na kwa wiki mbili hakuweza kubeba mizigo, ambayo ndiyo riziki yake. Kabla ya kuondoka alitujia, akainama, akatuomba radhi sisi, ati kwa kuwa hakujua kuanguka.

Wahenga walisema mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea. Mazoea ndiyo yaliyotuzamisha. Kwa miaka mingi tulikuwa tumezungukwa na watu wanaoanguka, nasi tukachukua kuanguka kwao kuwa ushahidi wa ustadi wetu. Kijana yule alikuwa mtu wa kwanza kutuambia kweli kwa mwili wake, na malipo yake yakawa maumivu.

Hata hivyo tusiwahukumu haraka wale wanaoanguka. Wanaanguka kwa sababu mbili, na kwa macho ya nje sababu hizo hufanana. Ya kwanza ni busara. Kiungo kilichofungwa sawasawa hakina mahali pa kwenda. Anayeshindana nacho atakivunja mwenyewe. Ndiyo maana kuanguka, ambako Wajapani hukuita ukemi, ni nusu ya sanaa nzima: ni elimu ya kuulinda mwili wako na kusalimika ili uweze kuinuka tena. Sababu ya pili ni adabu. Mwenzako anakuheshimu, wewe ni mkubwa wake, hataki kukutia aibu mbele za watu. Basi anakwenda chini kabla hujamfanya lolote. Anguko la kwanza ni la kweli. La pili ni uongo wa wema, nao ni uongo mgumu kuukemea, maana unaoneshwa kwa uso wa heshima.

Wapo waliotafuta dawa katika mashindano. Tomiki Kenji, mmojawapo wa wanafunzi wakubwa wa Ueshiba, aliingiza mashindano katika aikido kwenye Chuo Kikuu cha Waseda, ili mbinu zipimwe mbele ya mtu asiyetaka kabisa kuangushwa. Ueshiba mwenyewe hakukubaliana na mashindano. Kila upande una haki yake. Mashindano huondoa uongo, maana mpinzani hana sababu ya kukupendelea. Lakini mtu anayeshindana hujifunza pia kuutamani udhaifu wa mwenzake, na mazoezi ya kila siku hujenga tabia. Siku ile ya kijana mpagazi hapakuwa na mwamuzi wala alama, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuyaleta mashindano moyoni. Kumbe uongo wa wema na tamaa ya kushinda vyaweza kukaa katika chumba kimoja.

Baada ya kulitafakari jambo hili, tumeona kwamba neno linalotufaa limo katika lugha yetu wenyewe, nalo ni amana. Anayetushambulia mazoezini anatukabidhi mwili wake ili tujifunze. Kiwiko kile ni chake, riziki yake imo ndani yake. Ametuazima kwa dakika chache na anatazamia kukirudisha nyumbani kikiwa kizima. Tukikivunja, tumehini amana. Lakini tukikubali atuangukie kwa adabu tupu, tumeihini vilevile, kwa maana alitukabidhi mwili ili tupate elimu, nasi tumeutumia kujipamba. Kati ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba: kuitwaa mizani ya mwenzetu bila kumuumiza, hata aone mwenyewe kwamba miguu yake haimbebi tena. Hapo neno ai hupata maana, na huwezi kuifikia njia hiyo iwapo mwenzako hana ruhusa ya kusimama.

Huenda msomaji akauliza: je, adui wa njiani naye ametukabidhi amana? La, hakukusudia. Amekuja kutudhuru, na mtu ana haki ya kuulinda uhai wake. Lakini tazama linalotokea pale mizani yake inapopotea. Kwa nukta ile hawezi tena kupiga wala kujikinga. Shingo na kichwa chake vimo mikononi mwetu. Hatari yake imekwisha, uwezo wetu umebaki. Kutoka hapo kila tunalomtendea ni uchaguzi wetu, wala hatuwezi kusema kwamba yeye ndiye aliyetulazimisha. Husimuliwa kwamba mwaka 1925 Ueshiba alipambana na ofisa mmoja wa jeshi la majini aliyeshika upanga wa mbao, naye akawa anayakwepa mapigo tu, moja baada ya jingine, mpaka yule ofisa akachoka. Jambo la kutazamwa hapo ni kwamba aliyeweza kupiga hakupiga.

Hata hivyo tusiigeuze sanaa hii kuwa kitu kitakatifu. Katika miaka ya 1930 Ueshiba huyohuyo alifundisha katika vyuo vya jeshi la Japani, na kuanzia mwaka 1937 jeshi hilo lilikuwa katika vita kubwa nchini China. Mwaka 1942 aliondoka Tokyo akahamia kijiji cha Iwama, kulima na kufanya mazoezi. Hatuyasemi haya kwa kumlaumu marehemu. Twasema tu kwamba neno upatano, likiandikwa ukutani, halimzuii mtu kutenda lolote. Linalomzuia ni mkono uliozoea kusita kila siku, katika mambo madogo, mbele ya mtu dhaifu kuliko yeye.

Sisi walimu wa lugha tunaijua hali hii bila kukanyaga mkeka. Twauliza darasa, "Mmeelewa?" nalo darasa zima laitika, "Ndiyo, mwalimu!" Wangapi wameelewa, na wangapi wameanguka kwa heshima? Kisha mwanafunzi mmoja anasema hakuelewa, na joto lilelile lapanda usoni petu, twapaza sauti, twarudia maneno yaleyale kwa ukali zaidi. Mwanafunzi yule ndiye aliyetuletea elimu siku hiyo, na mara nyingi ndiye tunayemkunja kifundo.

Kijana mpagazi alirudi baada ya kupona. Safari hii sisi ndio tuliomwomba radhi, kisha tukamwomba jambo moja: asianguke mpaka atakapohisi kwamba hawezi kusimama. Mara tano alisimama imara, nasi mara tano tuliuachia mkono wake tukaanza upya. Mara ya sita tuliingia mapema kidogo, mabega yametulia, naye akashuka polepole, akapiga mkeka kwa kiganja kama ilivyo ishara ya kuomba kuachiliwa. Tukamwachilia mara moja. Kisha zamu ikawa yake, nasi tukampa mkono wetu.