Mwenye Kuchimba Shimo

Torati inamtaka mwenye kuchimba shimo alifunike. Asipolifunika, na ng'ombe wa jirani akatumbukia, ni juu yake kulipa. Je, kulipa kwatosha?

Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, kisima cha mafuta kiitwacho Macondo kilifumuka na mtambo wa kuchimbia ukalipuka. Watu 11 walikufa. Vali kubwa za kukiziba zilikuwapo huko chini, lakini hazikukiziba; mafuta yakamwagika baharini siku 87. Kampuni ya BP ililipa mabilioni ya dola.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini aliyekufa hajengwi upya. Wajibu wetu wa kwanza ni mfuniko, na kuujaribu kabla ya msiba. Nasi wenye visima na mashimo ya vyoo nyumbani, tumeyafunika?