Korosho, Kikoba na Laini Moja

Mwanamke wa kisa hiki ni wa kusimuliwa tu, usimtafute Kilwa Masoko. Barabara inayokatika humu ilikatika kweli, na sheria zilizomfika zipo na zinafanya kazi. Wauzaji wa mtandaoni kuanzia Somanga hadi Lindi mjini watajua wenyewe kama wanamfahamu.

Biashara yake ilikuwa korosho za kukaanga na pweza mkavu. Duka lilikuwa simu: picha kwenye Instagram, bei kwenye stetasi ya WhatsApp, na maneno matamu ya kumkaribisha mteja. Wateja wengi walikuwa Dar es Salaam. Mzigo ulipanda basi la alfajiri, na mteja akaufuata Mbagala. Malipo yaliingia kwenye laini yake ya simu, na hapo ndipo penye kisa. Laini hiyohiyo ilipokea michango ya kikoba cha akina mama wa mtaani, maana walimchagua mweka hazina. Hiyohiyo ilipokea fedha ambazo kaka yake aliye Muscat alikuwa akituma ili kumalizia nyumba ya mama yao. Mauzo, amana na matofali vyote vilikaa kwenye salio moja.

Mjomba wake, mwenye duka Kilwa Kivinje, ni mtu wa mali kauli ambaye hajapata kutoa hata kiberiti bila kukiandika. Alimuuliza daftari lake liko wapi.

"Mjomba, kila kitu kimo kwenye simu."

"Simu inajua kilichoingia, mwanangu. Haijui kimeingia kwa ajili ya nini."

Mwanamke alicheka, akammiminia chai. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2024, oda zilikuwa nyingi kuliko paketi, na hadi Idd inapita mwezi Aprili hapakuwa na sababu ya kumsikiliza mzee wa daftari.

Mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Mvua zikasomba barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, na mikoa ya kusini ikatengana na sehemu nyingine za nchi kwa siku kadhaa. Mabasi na malori yakapangana pande zote mbili za maji. Baadhi ya mizigo yake ilikuwa humo garini, mingine bado iko sebuleni haijafungwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini. Oda zake zilikuwa kwenye kikasha cha Instagram, nacho hakikufunguka.

Akabaki na ujumbe wa malipo, ambao una shida yake. Mtandaoni mteja anajiita malkia wa kitu fulani. Kwenye malipo linatokea jina la aliyesajili laini, pengine mumewe, pengine wakala wa jirani. Nani kalipa na hajapata? Nani kaahidi tu? Nani mzigo wake uko Somanga? Hakujua. Waliompigia kwa ukali aliwarudishia fedha, wengine mara mbili, na waliosubiri kwa ustaarabu ndio waliosahaulika. Mmoja wa wastaarabu hao alichoka, akaandika chini ya picha ya korosho neno moja: tapeli.

Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Ili kujisafisha alibandika hadharani picha za miamala, na majina kamili na namba za simu za wateja. Wauzaji wengi hufanya hivyo kila siku na huuita ushahidi. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina na namba ya mteja ni taarifa yake binafsi. Hukupewa uitangaze, ulipewa umfikishie mzigo. Na hata sheria ikiwekwa kando, kuna uungwana: yupo mume aliyejulia pale kwamba laini yake hununua pweza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sheria ingeweza kuwa upande wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe ni nani na yuko wapi, aeleze bidhaa yake na bei yake yote. Sheria hiyohiyo inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Ujumbe wa oda uliohifadhiwa vizuri, na tarehe yake na kiasi chake, una uzito mbele ya hakimu. Yeye alikuwa na tabia ya kufuta mazungumzo ili simu isijae.

Mwaka ukapita, biashara ikasimama tena kidogo kidogo. Kisha Mamlaka ya Mapato ikatangaza kwamba wafanyabiashara wa mtandaoni wawe wamejisajili ifikapo tarehe 31 Agosti 2025. Wenzake walicheka, wakasema yatapita tu kama yalivyopita mengine. Yeye, tumsifu kwa hili, alikwenda mwenyewe, akiwa na taarifa ya miamala ya mwaka mzima aliyoichapisha stesheneri. Ofisa akajumlisha. Jumla ikafika milioni 18.

"Zote ni mauzo, dada?"

"Hapana, kuna za kikoba humo. Na za kaka."

"Nionyeshe zipi ni zipi."

Akaanza kupitia majina. Mama wa nyumba ya tatu alituma 20,000: mchango au paketi mbili za korosho? Mama huyo ni mwanakikoba na ni mteja pia. Kurasa zikawa hivyo hivyo hadi mwisho.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hudhani mambo ni magumu kuliko yalivyo. Tuseme mauzo yake halisi yalikuwa milioni 8 kwa mwaka. Kwa jedwali la kodi ya wafanyabiashara wadogo lililowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 anayetunza kumbukumbu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwake yeye ni 120,000 kwa mwaka mzima. Asiyetunza kumbukumbu, kwa mauzo yaleyale, hulipa 250,000. Ikiwa hawezi kuzitenga za kikoba na za nyumba, akahesabiwa milioni 18, anaingia kundi la juu ya milioni 11, ambalo kwa kiwango cha mwaka 2022 hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo: 630,000, na mashine ya EFD juu yake. Korosho ni zilezile. Tofauti ya zaidi ya laki tano imetokana na daftari ambalo shuleni Masoko mtoto hulinunua kwa sarafu.

Sisemi kwamba viwango hivi ni vya huruma. Msamaha unaishia kwenye mauzo ya milioni 4 kwa mwaka, yaani kama 11,000 kwa siku, na muuza korosho mwenye wateja wachache tu amekwisha kuvuka hapo. Mtu ana haki ya kulalamika. Lakini ushuru si mgeni kwenye pwani hii. Masultani wa Kilwa Kisiwani waliwatoza wafanyabiashara waliopeleka nguo Sofala kufuata dhahabu. Na jedwali la leo lina jambo moja ambalo wadogo hawaambiwi vya kutosha: linampunguzia anayeandika. Anayelipa zaidi ni yule aliyedhani kutoandika kunamficha.

Makaratasi mengine si marefu kama yanavyosemwa vijiweni. Namba ya mlipakodi hutolewa bila malipo. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao, ukiwa na namba ya NIDA. Leseni ya biashara ya ngazi hii ni ya halmashauri, nayo huombwa kupitia mfumo wa Tausi. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 kilichoanza kugawiwa Desemba 2018, ambacho bado kimo ndani ya pochi nyingi, kilikusudiwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Wapo waliovuka kiwango hicho zamani na bado wanakionyesha. Kwa chakula kilichofungashwa kuna Shirika la Viwango, TBS, na mjasiriamali mdogo anayepita SIDO hupata nembo ya ubora bila malipo kwa miaka ya mwanzo. Mwanamke wetu alijua haya baada ya kukosa oda ya ofisi moja ya Dar es Salaam iliyotaka paketi za zawadi za mwisho wa mwaka. Walimwomba jina la biashara, namba ya mlipakodi na risiti. Akawatumia namba ya simu.

Swali linalouma zaidi kwa mfanyabiashara wa Kilwa, naona, ni lile la bidhaa ilikotoka. Korosho ghafi za Lindi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani chini ya chama kikuu kama Lindi Mwambao, kisha mnada. Anayezunguka vijijini akinunua kwa kisado nje ya mfumo ni kangomba, na kila mtu wa kusini anakumbuka Novemba 2018, Serikali iliponunua korosho kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likazisomba. Wenye mizigo mikubwa wakaulizwa mashamba yao yako wapi. Mwanamke huyu hakuwa kangomba. Alinunua kwa "kijana mmoja", na kijana mmoja hana stakabadhi. Siku ukiulizwa ulikozipata, bila karatasi huna namna ya kujitofautisha na kijana mwenyewe.

Pweza ni hivyohivyo. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo, ila pweza akishakauka nani atamjua alikuwa na uzito gani? Anayejua ni aliyempima aliposhushwa mtumbwini, kisiwani Songosongo. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huandika siku, mvuvi na uzito wa pweza akiwa mbichi, na hupitia kwa kamati ya usimamizi wa fukwe, BMU, na ofisa uvuvi kabla mzigo haujapanda gari. Kuomba kibali ukiwa umesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani ni kuchelewa.

Baada ya Agosti ile alinunua laini ya pili na kuomba Lipa Namba, ili fedha ya mteja isikutane na ya mtu mwingine. Daftari akaligawa kwa safu: tarehe, jina la mtandaoni, jina lililotokea kwenye malipo, alichonunua, kiasi, basi lililobeba na siku mteja alipothibitisha. Ile safu ya jina la malipo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kila Ijumaa hulipiga picha na kumtumia mjomba wake Kivinje, ambaye hujibu kwa kusahihisha jumla. Lipo pia daftari la manunuzi, jembamba zaidi, lenye karatasi za chama cha msingi zilizobanwa kwa pini.

Iliyobaki ni kikoba. Aliwaambia wenzake kwamba hatapokea tena mchango kwenye laini ya biashara wala ya nyumbani. Mwenyekiti alikunja uso.

"Tumekuamini wewe, mwanangu, sasa unatutupia benki?"

"Shikamoo kwanza, mama. Siwatupi. Nikifa leo, hizi fedha ni za nani? Watoto wangu watasema za mama yao, na karatasi itawaunga mkono."

Kukawa kimya, kisha maneno yakaja kwa pamoja. Akawaeleza kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama chao katika daraja la nne, na usajili wake hufanyika halmashauri. Mama mmoja akauliza kama kumbe hata wao wamekuwa wakikopeshana bila usajili miaka yote hii. Hakuna aliyemjibu. Kikao kikaishia kwenye ubishi wa nani aende ofisi ya maendeleo ya jamii Jumatatu na nani alipe nauli ya bodaboda, hadi mwenyekiti alipowakumbusha kwamba huko wataulizwa katiba ya kikundi, na katiba hiyo ilibidi kwanza iandikwe.