Funga Mlango Ukiwa na Watoto Ndani

Ujumbe wa Jumapili, 8 Novemba 2020
Somo: 2 Wafalme 4:1-7

 

Nawasalimu ninyi mliofika ibadani, na pia ninyi mnaosoma karatasi hii nyumbani kwa sababu viti ni vichache siku hizi. Jumatano tulimsikiliza Rais. Kafyu sasa ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, mpaka tarehe 3 Januari. Watoto wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne waliorudi shule tarehe 12 Oktoba wanaendelea. Wengine wote wangoje Januari. Kwa hivyo kama una mtoto wa PP2, wa darasa la saba ama wa kidato cha pili, bado uko naye hapo nyumbani. Toka katikati ya Machi! Inakaribia miezi minane sasa.

Na nyumba zetu hapa Mwiki mnazijua. Wengi tuko kwa chumba kimoja ama viwili, na pazia katikati. Mpira unapiga geti mchana kutwa, jirani analalamika. Unga wa wiki unaisha Alhamisi, kwa sababu hawa watu wadogo wanakula mara nne kwa siku! Halafu asubuhi yule wa Gredi ya 4 anavaa yunifomu, anapewa barakoa yake, anaenda. Kaka yake wa darasa la saba anabaki mlangoni akimwangalia. Kuna mzazi ananisoma hapa ameliona jambo hilo kwa macho yake.

Leo nataka tumwangalie mama mmoja kwa Biblia ambaye alikuwa na watoto nyumbani wakati mambo yalikuwa mabaya kabisa.

Huyu mama ni mjane. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu. Tusikilize hapo vizuri. Alimcha Mungu, na bado aliacha deni. Kwa hivyo ukiwa na deni mwaka huu, usiruhusu mtu akwambie ni kwa sababu huna imani. Wangapi hapa walikuwa na kazi Februari? Fundi wa mjengo, makanga, mpishi wa hoteli, mama fua, mwalimu wa shule ya kibinafsi ambaye hajaona mshahara tangu Machi. Kutoka 6 Aprili hadi 7 Julai tulifungiwa ndani ya Nairobi na viunga vyake, na sisi wa Ruiru tukiwemo. Watu walikula akiba, wakauza fanicha, wakaingia mikopo ya simu. Hilo deni halikuja kwa uvivu.

Sasa mdai wa huyu mama amekuja, na hataki meza wala kitanda. Anataka kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Watoto ndio walikuwa dhamana ya mkopo. Mama analia kwa Elisha, na Elisha anamuuliza swali moja la maana: uko na nini nyumbani?

Mimi nilisomea biashara chuoni, na naweza kuwaambia kwamba swali la Elisha ndilo swali la kwanza la kampuni yoyote iliyo taabani. Kabla ya kukopa tena, kabla ya kufunga, unachukua kalamu unaandika: tuna nini, tunadaiwa nini. Mama akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Wengi wetu tunafika kwa "sina kitu" na tunakomea hapo. Yeye aliendelea mpaka "ila". Kuna shule moja ya kibinafsi kule Mwea ambayo mwaka huu, madarasa yalipobaki matupu, waliyageuza banda la kuku na uwanja wakapanda mboga. Mtu aliangalia vyumba vitupu akasema: hatuna wanafunzi, ila tuna nafasi. Hiyo ndiyo hesabu ya mjane.

Lakini si hapo ninapotaka tukae leo. Mahubiri mengi ya mistari hii ni ya mafuta. Mimi nataka tuangalie mlango.

Elisha alimpa mama maagizo. Aende kwa majirani aazime vyombo vitupu, na si vichache. Halafu aingie ndani, afunge mlango, yeye pamoja na wanawe, amimine. Wapendwa, kwa nini watoto wawe ndani? Sisi tungefanya nini? Tungewaambia, nendeni mkacheze nje, haya ni mambo ya watu wakubwa. Mtumishi wa Mungu anasema hapana. Deni hili linawahusu hao watoto, kwa hivyo wawe ndani ya chumba wakati Mungu anafanya kazi.

Nataka niongee na akina baba kidogo, na nasema kwa heshima, kwa sababu wengi wenu ni wazee wangu. Kuna baba anayeamka saa kumi na moja, anavaa viatu vya kazi, anatoka. Kazi iliisha Aprili. Anazunguka mpaka Githurai, anakaa na wenzake, anarudi jioni kama mtu aliyetoka job. Hataki watoto wajue. Ninaelewa, anawalinda. Lakini baba, watoto wanajua. Wameona chai imekuwa ya rangi. Wamemsikia mwenye nyumba akigonga, na mama akiwaambia wanyamaze kama hakuna mtu ndani. Wamewasikia ninyi wawili usiku mkinong'onezana kuhusu pesa, kwa sababu pazia halizuii sauti. Kitu kimoja tu hawajui: mnapanga nini. Na mtoto akikosa kuambiwa ukweli, anajitengenezea wake, na ule wake kwa kawaida ni mbaya kuliko wako. Anafikiri baba na mama wanaachana. Anafikiri hatarudi shule kamwe. Anafikiri ni yeye anakula sana. Kuna watoto wanaosema wameshiba na hawajashiba.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi umtwike mtoto mzigo wako. Yule wa miaka mitano haambiwi kodi ni ya miezi mingapi. Anaambiwa: leo hatuna maziwa, tutakunywa chai ya rangi, tuko pamoja, na Mungu anatuona. Wa miaka kumi anaweza kujua kwamba baba hana kazi na anatafuta. Wa miaka kumi na sita keti naye na daftari, mwonyeshe hesabu yote, na umuulize anafikiri nini. Utashangaa.

Na angalia ni nani alifanya nini kwa ile nyumba. Watoto walileta vyombo. Aliyemimina ni mama. Hiyo tofauti ni kubwa sana mwaka huu. Mtoto kusaidia kuosha vyombo, kumlinda mdogo wake, kupanga nyanya kwa kibanda cha mama mchana, huko ni kuleta vyombo. Mtoto kutumwa barabarani usiku na karanga mpaka kafyu imkute, huko ni kumwachia kumimina. Kuleta chakula nyumbani ni jukumu letu wazazi, hata mwaka ukiwa mgumu namna gani.

Hapa naongea na sisi tulio na mabinti. Msichana wa miaka kumi na nne yuko nyumbani miezi minane. Anahitaji sodo, na anaona aibu kuomba kwa sababu anajua hakuna pesa. Huko nje kuna mtu ana mia mbili na maneno matamu. Mnajua mambo tunayoyasikia mwaka huu kuhusu wasichana wetu. Sisemi hivi kuaibisha mtu yeyote. Kama imeshatokea kwa nyumba yako, huyo binti ni wako bado, mfungie mlango akiwa ndani, usimfungie nje. Lakini kama haijatokea, binti yako ajue kwamba kwenu hitaji linatajwa. Hata kama pesa haipo leo, ajue anaweza kusema, na mama hatafoka.

Halafu kuna majirani. Sisi Wapentekoste tunapenda kuruka hapo. Ule muujiza ulihitaji ploti nzima! Na majirani hawakuombwa mafuta, waliombwa vyombo vitupu. Pengine wao pia hawakuwa na kitu. Wewe huna unga wa kugawa, lakini una redio. Masomo ya KICD yanapita hewani kila siku ya wiki, na kuna watoto watatu kwa hiyo ploti hawana redio. Weka dirishani, ongeza sauti. Mwingine ni mwalimu aliyekaa bila darasa tangu Machi. Saa moja ya hesabu na wale watoto wa koridoni, wakikaa mbalimbali na barakoa, itawafanyia kitu ambacho hutakiona leo. Na ninyi mtakaofaidika, msimwache mwalimu aende hivi hivi. Mpelekee hata sukuma.

Watoto wenyewe ndio walibeba hivyo vyombo kwa mama yao. Na mwishoni, mama alipoomba chombo kingine, ni mwanawe aliyejibu kwamba vimeisha. Hayo ndiyo maneno pekee ya mtoto kwa habari hii yote, na ni ripoti ya stoo! Kijana alikuwa anahesabu. Alijua vimeingia vingapi, vimejaa vingapi. Alikuwa mdaiwa asubuhi, dhamana ya mkopo, na sasa ni mfanyakazi ndani ya muujiza wa nyumba yao. Yule kaka wa darasa la saba aliyebaki mlangoni akiangalia yunifomu ya mdogo wake anahitaji kitu cha namna hiyo. Mpe kazi yenye jina. Yeye ndiye anaandika matumizi ya nyumba. Yeye ndiye anasoma Neno jioni. Makanisa yalipofunguliwa Julai, watoto chini ya miaka 13 waliambiwa wabaki nyumbani. Shule ilifungwa, Sunday school ikafungwa, na meza yako ikabaki kuwa vyote viwili. Ukisoma Kumbukumbu la Torati 6:7, Musa anataja nyakati za kufundisha watoto: ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala, ukiamka. Hakutaja darasa hata moja.

Siwezi kukuahidi kwamba mafuta yatajaa kila sufuria kwako wiki hii. Biblia haisemi wale vijana walitajirika. Inasema mama aliambiwa auze mafuta, alipe deni, na waishi kwa kilichobaki, yeye na wanawe. Alilipa deni kwanza. Wakaishi. Wakawa pamoja. Mwaka kama huu, kuna mtu angepokea hilo kwa mikono miwili na kusema Amina.

Januari wakirudi, mwalimu atawaambia waandike insha kuhusu maisha wakati wa korona. Nawajua walimu wetu, haitakosa! Mtoto wako ataandika nini? Mmoja ataandika kwamba kulikuwa na kelele na njaa, na hakujua kwa nini. Mwingine ataandika kwamba walikosa vitu vingi, lakini jioni moja baba alifunga mlango, akawaambia ukweli, wakaomba, na yeye akapewa kazi. Nyumba hizo mbili zinaweza kuwa na deni sawasawa.

Zoezi la familia wiki hii

Chagueni jioni moja kabla ya Jumapili. Zimeni runinga, wekeni simu kando, fungeni mlango. Chukueni daftari, mchore mstari katikati. Upande mmoja andikeni kile mlicho nacho, na kila mtoto ataje angalau kitu kimoja. Upande wa pili andikeni mnachodaiwa na mnachohitaji, kwa kiasi kinachofaa umri wao. Mzazi amwombee kila mtoto kwa jina, halafu mtoto mmoja amwombee mzazi. Mwisho kila mmoja apewe kazi moja ya nyumba hadi Januari. Wewe unayelea peke yako, yule mjane pia alikuwa peke yake. Na wewe uliyepeleka watoto ushago kwa cucu, piga simu, uongee na kila mmoja wao. Kama hesabu yenu inaonyesha hakuna chakula kabisa, usinyamaze. Mwambie mzee wa kanisa ama kiongozi wa ushirika wenu wa nyumbani.

Tuombe. Baba, unaiona kila nyumba hapa Mwiki, mabati na mawe, na unajua kila deni lililo ndani. Wape akina baba ujasiri wa kusema ukweli. Wape akina mama nguvu ya siku moja kwa wakati. Linda mabinti zetu na vijana wetu mpaka Januari na baada ya hapo. Tufundishe kufunga mlango tukiwa nao ndani. Kwa jina la Yesu. Amina.